Betri Isiyolala Njaa

Kila asubuhi mtaa mzima ulisikia kitu kimoja: ka-ka-ka-ka, halafu kimya. Ilikuwa pikipiki ya Dada Mita inakataa kuwaka. Jirani wa kushoto alikuwa akisikia hivyo anajua ni wakati wa kuamsha watoto. Jirani wa kulia alikuwa anatoka nje na mswaki mdomoni, anajiunga na wasukumaji bila hata kuitwa.

Jina la Dada Mita alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu ya kazi yake. Aliajiriwa na ofisi ya maji kusoma mita, nyumba kwa nyumba, katika mitaa ya kule kilimani ambako barabara ni nyembamba na miteremko inamtoa mtu jasho hata akiwa ameketi. Aliipenda kazi ile. Alijua mbwa yupi anabweka tu na yupi anamaanisha, geti lipi linafunguka kwa kusukumwa na bega, na mama yupi atamkaribisha chai kabla hajaonyesha mita ilipo.

Tatizo lilikuwa goti. Goti lake la kulia lilikunjika nusu tu, tangu alipoanguka utotoni na mfupa ukaunga vibaya. Kukaa kwenye pikipiki aliweza, breki ya mguu aliikanyaga kwa kifundo bila shida. Lakini kupiga kiki, hapana. Mwenzake betri ikifa hupiga kiki akaendelea na safari. Yeye betri ikifa, anakaa kando ya barabara kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Kitufe kile kidogo cha kuwashia ndicho kilichokuwa miguu yake, na mwaka ule betri zilikuwa zinamfia moja baada ya nyingine kama vifaranga kwenye baridi.

Mume wake, fundi wa makochi mwenye karakana yake hapo hapo uani, alikuwa na maelezo mafupi. "Siku hizi betri zote feki," alisema huku akifuta jasho baada ya kusukuma. "Nunua hii, nunua ile, baba yao mmoja."

Mtu ambaye hakusema kitu ni mama mkwe. Alikuja kukaa nao kwa muda wakati paa la nyumba yake likitengenezwa. Paa lilishaisha kitambo, na yeye bado alikuwepo. Pikipiki hakuipenda. Mwanawe alipooa, yeye alitarajia binti wa kukaa ofisini na kalamu, si mtu wa kurudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Basi kila asubuhi alikaa dirishani na kikombe chake cha chai, anasikiliza, ananyamaza.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Dada Mita alikuwa amebonyeza kitufe, ka-ka-ka, akabonyeza tena, akashikilia, akashikilia zaidi. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

"Acha!" mama mkwe alifoka. "Acha kumkamua! Ng'ombe ameshakauka, wewe bado umeng'ang'ania chuchu!"

Wasukumaji wote wakageuka. Mswaki wa jirani ukasimama mdomoni.

"Samahani, Mama," Dada Mita alisema, bila kujua anaomba samahani ya nini.

"Usiniombe mimi, iombe betri. Sukumeni mtoto aende kazini. Jioni akirudi, mniletee hicho kitu pale uani. Na mtu asiniletee sigara karibu."

Jioni ile ndipo Dada Mita alipoijua habari ambayo mume wake hakuwahi kuona haja ya kuisimulia. Zamani, kabla nyaya za umeme hazijafika kila nyumba, mama mkwe na marehemu mume wake walikuwa na kibanda cha kuchaji betri. Watu walizileta mabegani na kwenye baiskeli, betri za redio na za taa, wanaziacha asubuhi na kuzifuata jioni. Mume ndiye aliyekuwa mzungumzaji. Mke ndiye aliyekaa na betri. Watu walimwita Mama Chaji, na walisema anaweza kusikia betri inavyojisikia.

"Mimi nilikuwa mtoto," mume alijitetea. "Nakumbuka harufu tu."

"Wewe ulikuwa unakumbuka kula," mama yake akamjibu.

Alivaa miwani, akafunga kanga kifuani vizuri, akaamuru ule waya wa upande wa hasi ufunguliwe kwanza, ndipo wa chanya. Betri ikatoka, ikawekwa juu ya benchi la makochi. Vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, vilikuwa vimeota ukoko mweupe na kijani kama mkate uliosahauliwa. Mama Chaji akatikisa kichwa. Akafungua vifuniko vidogo vya juu, akachungulia tundu moja moja kama mtu anayetafuta jino bovu.

"Nani anaitilia maji hii?"

"Mimi," mume alisema kwa fahari kidogo.

"Maji gani?"

"Maji. Ya bomba."

Mama Chaji akamgeukia mwanawe. "Mke wako anafanya kazi ofisi ya maji, kwa hiyo ukaona kila kitu kinywe maji ya bomba. Betri hainywi maji ya bomba, mwanangu. Yana chumvi na chokaa. Inakunywa maji ya betri peke yake, yaliyosafishwa, tena si mpaka yafurike. Kuna mistari miwili ubavuni hapa, ona. Katikati ya hii na hii. Na sahani zake za ndani zisiachwe wazi hata siku moja."

Walisafisha vichwa kwa magadi na maji ya moto, ukoko ukachemka na kuondoka. Mama Chaji akatoa sandukuni chaja yake ya zamani, nzito kama tofali, ambayo kumbe alihama nayo. Akaiunga betri kwa moto mdogo kabisa wa umeme, vifuniko wazi, karakana wazi pande zote ili hewa ya betri isije ikashika moto. Wakangoja. Baada ya muda matundu yakaanza kutoa viputo vidogo, taratibu, kama uji unaokaribia kuiva. Isipokuwa tundu moja. Lile lilikaa kimya.

"Chemba hiyo imekufa," alisema kwa upole. "Hii hatuwezi kuirudisha. Mtu akikwambia ataifufua, mpe na kuku wako pia. Lakini sasa nieleze, mwanangu, siku yako inakwendaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mama mkwe alikuwa anamuuliza habari ya kazi yake. Dada Mita akamwelezea. Anawasha, anakwenda nyumba ya kwanza, anazima na kuiacha kwenye gia kwa sababu ya mteremko. Anasoma mita. Anawasha, anakwenda nyumba ya tatu kutoka pale, anazima. Hivyo hivyo hadi jioni.

Mama Chaji akapiga paja. "Si betri feki! Kila ukiwasha umechota kikombe, na kabla injini haijarudisha hata kijiko, umezima. Bandu bandu huisha gogo. Ingekuwa hata betri ya treni, ingekufa."

Wiki hiyo hiyo, mambo yakawa mabaya zaidi ofisini. Msimamizi wake, mtu mrefu mwenye sauti ya upole ambayo ilikuwa ngumu kubishana nayo, alimwita.

"Dada, mita hazijisomi zenyewe. Wiki iliyopita umeachwa barabarani tena, na mitaa miwili haikufikiwa. Nimekufikiria. Kuna nafasi ya mezani, kupokea simu za malalamiko. Kivuli, kiti kizuri, goti lako litapumzika."

"Goti langu halijalalamika, mkuu."

"Halijalalamika, lakini pikipiki yako inalalamika."

Dada Mita aliomba apewe mzunguko mmoja zaidi wa usomaji. Msimamizi alikuna kidevu, akakubali, kwa uso wa mtu anayempa mgonjwa dawa asiyoiamini.

Ikanunuliwa betri mpya. Dukani waliijaza asidi mbele ya macho yao, na muuzaji akasema maneno aliyoyasema kila mara: funga, uende. Mume alikuwa tayari ameshika spana. Mama Chaji akaichukua betri, akaiweka chini ya benchi, akaketi mbele yake kama mlinzi wa benki.

"Hii haifungwi leo. Imetoka kunyweshwa asidi sasa hivi, bado inameza. Itulie kwanza, halafu inywe chaji pole pole mpaka ishibe kabisa, ndipo ianze kazi. Betri ni kama mtoto mchanga, ukimlisha kwa pupa anacheua, ukimtuma shamba kabla hajashiba anadumaa. Zile zote mlizozika mwaka huu mliziua siku ya kwanza."

"Mama, kesho anakwenda kazini," mume alisema.

"Aende kwa miguu."

Akaenda kwa miguu. Alipanda kilima chote na mguu ule, kesho yake na keshokutwa yake, akishika kuta na mageti, na jioni goti lilivimba likawa kama kibuyu. Mume alimkanda kwa maji ya moto, taya lake likicheza. Dada Mita mwenyewe alifika mahali pa kulia. Alijiuliza kama anamtii mzee mwenye hekima au mzee mkaidi tu, maana kwa mbali hao wawili wanafanana.

Betri ilipofungwa hatimaye, chanya kwanza, hasi mwisho, vichwa vikiwa vimepakwa mafuta mazito yasiingie unyevu, alibonyeza kitufe na injini ikadaka papo hapo. Jirani alitoka na mswaki wake, akakuta hakuna kazi. Alionekana kama mtu aliyeachishwa kazi kweli.

Furaha haikudumu hata wiki. Asubuhi ya tano au ya sita, sauti ya zamani ikaanza kunyemelea, starta inazunguka kwa uvivu. Lakini Mama Chaji hakushtuka. Alichukua kitesta cha mwanawe, kile cha kupimia umeme, akakigusisha kwenye vichwa vya betri jioni pikipiki ikiwa imezimwa, akakigusisha tena asubuhi. Namba ilikuwa imeshuka usiku, pikipiki imelala.

"Kuna kitu kinakula usiku," alisema. "Nani ana mtoto anayekula usiku?"

Mume alianza kukuna shingo. Chini ya kiti cha pikipiki, mwaka mmoja uliopita, alikuwa amemfungia mke wake zawadi: taa ndogo za rangi zinazomeremeta, pamoja na soketi ya kuchajia simu. Alizifunga mwenyewe, moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia swichi. Taa zikizimwa, kile kidude cha kuziendesha kiliendelea kunyonya kimya kimya, usiku kucha, kama kupe.

"Zilikuwa nzuri," alisema kwa unyonge.

"Zilikuwa nzuri sana, mume wangu," Dada Mita alimwambia, na alimaanisha. Kisha akazing'oa.

Kuanzia hapo mambo yakanyooka. Dada Mita aligeuza mzunguko wake wa kazi: badala ya kuanza na nyumba za karibu, alikwenda kwanza mtaa wa mbali kabisa bila kusimama, ili injini ipate muda wa kuirudishia betri ilichotoa wakati wa kuwasha, kisha akarudi akisoma. Mita zilizokuwa jirani alizisoma kwa kuegesha mara moja na kutembea. Kitufe alikibonyeza kwa kifupi na kuachia. Kikikataa, alikipumzisha kabla ya kujaribu tena. Na kila mwisho wa juma, betri ilishushwa na kulazwa kwenye chaja ya Mama Chaji, mkwe na mama mkwe wakiketi pembeni, wanaangalia maji, wanafuta vichwa, wanasengenya ukoo mzima. Mume aliyekuwa anapigilia misumari kwenye kochi aliwasikia wakicheka na kujiuliza ni nini cha kuchekesha kwenye asidi.

Mzunguko wa usomaji ukaisha bila mtaa hata mmoja kuachwa. Msimamizi alitazama kazi, akasema, "Tutaona." Hakusema zaidi. Kile kiti kizuri cha mezani kiliendelea kukaa wazi, kikimsubiri.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha siku nzima, na alasiri mbingu zikawa nyeusi kiasi kwamba magari yaliwasha taa. Dada Mita alikuwa ofisini anakabidhi kazi simu zilipoanza kulia zote kwa pamoja. Udongo wa kilimani ulikuwa umeteleza na bomba kubwa limepasuka. Maji yalikuwa yanaruka juu kuliko nyumba, yanashuka kwenye uchochoro, na chini ya uchochoro ule kulikuwa na shule ya chekechea. Mwalimu alikuwa amewapandisha watoto juu ya meza. Mlangoni hapakutokeka, nje palikuwa mto. Na ukuta wa nyuma, ule unaoegemea mteremko, ulikuwa umeanza kutokwa na nyufa.

Msimamizi alikuwa ameshashika ufunguo wa valvu, chuma kirefu chenye mkono wa kukingama, na alikuwa anakimbilia gari. Dada Mita akamzuia mlangoni.

"Mkuu, gari halipiti kule. Na bomba lile linalishwa kutoka pande nyingi. Ukifunga valvu moja, maji yanakuja kwa nyingine."

"Najua! Lakini nusu ya mifuniko imefukiwa na watu wakijenga ngazi zao."

"Mimi najua iliko. Naipita kila siku. Panda."

Msimamizi alitazama goti la Dada Mita. Akatazama mvua. Akapanda.

Valvu ya kwanza ilikuwa chini ya mchanga wa mtu anayejenga. Mteremko ulikuwa mkali, ikabidi Dada Mita azime injini na kuiacha pikipiki kwenye gia isije ikateleza na maji. Alichechemea mpaka mahali, akapiga chini kwa kisigino. "Hapa!" Msimamizi akachimbua kwa mikono, akachomeka chuma, akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wakarudi mbio. Hapo msimamizi alishika pumzi, maana alizikumbuka hadithi zote za pikipiki ile. Dada Mita akavuta klachi, akabonyeza.

Ikadaka.

Valvu ya pili ilikuwa ndani ya ua wa mtu, nyuma ya banda. Zima, shuka, chimba, zungusha, rudi. Ikadaka. Nyingine ilikuwa chini ya ngazi ya duka. Ikadaka. Taa ya mbele ilikuwa inawaka muda wote kwa sababu ya giza la mvua, inakula, na safari kati ya valvu na valvu zilikuwa fupi kama kikohozi, betri haipati nafasi ya kurudishiwa kitu. Dada Mita alijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Kila alipobonyeza, alikuwa anachota katika kile walichokijaza yeye na mama mkwe wake mwisho wa juma, tone kwa tone, wakiwa wanacheka.

"Itawaka?" msimamizi aliuliza kwenye kona ya mwisho, maji yanamtiririka puani.

"Imekula ikashiba, mkuu. Shika vizuri."

Starta ilizunguka mara hii kwa uzito kidogo, kama mtu anayeinua gunia la mwisho. Lakini iliinua. Injini ikanguruma, wakapanda kilele, na pale, katikati ya majani, Dada Mita akauonyesha mfuniko wa valvu ya mwisho. Ilikuwa imeganda. Msimamizi akasukuma peke yake, ikakataa. Dada Mita akautupa mguu wake mbovu upande wa pili wa chuma, akaliegemeza lile goti lisilokunjika kama nguzo, na wote wawili wakasukuma kwa kupiga kelele. Kitu kikalia chini ya ardhi, kikalegea, kikazunguka.

Wakasimama, wanasikiliza. Ule mngurumo wa maji uliokuwa umejaza kilima chote ulianza kushuka. Ukawa mchirizi. Halafu ikabaki mvua tu, mvua ya kawaida ya Mungu. Kutoka chini wakasikia kelele za watu, na walipochungulia waliwaona wazazi wameingia uchochoroni, maji sasa yakiwa magotini tu, wanapokezana watoto kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, hadi mwalimu mwenyewe akatoka mwisho akiwa na viatu mkononi. Ukuta ulianguka usiku ule. Hapakuwa na mtu ndani.

Msimamizi aliketi kwenye matope. Alicheka, akafuta uso, akacheka tena. "Dada," alisema, "kile kiti cha mezani nitakikalia mwenyewe."

Asubuhi yake ofisini, mbele ya wasoma mita wote, alisema waziwazi kwamba alikosea, na kwamba mitaa yote ya kilimani pamoja na valvu zake sasa iko chini ya Dada Mita, na wawili kati ya wenzake watafuata maelekezo yake. Watu wakapiga makofi na meza. Mmoja akauliza betri ile ni ya kampuni gani, naye atafute.

"Kampuni ni ile ile yenu," Dada Mita alijibu. "Tofauti ni mama mkwe."

Wakacheka, wakidhani ni utani. Msimamizi hakucheka. Wiki iliyofuata alifika nyumbani kwao mwenyewe, amevaa vizuri kama mtu anayekuja kuposa, akamwomba Mama Chaji aje banda la pikipiki za ofisi, ambako betri zilikuwa zinakufa rundo kwa rundo, awafundishe mafundi.

Mama Chaji alimwacha anywe chai yake yote kabla ya kumjibu. Kisha akasema atakuja, kwa masharti: apewe benchi lake, dirisha kubwa la kupitisha hewa, na mtu yeyote asiguse moto wa chaja yake kwa haraka zake.

Siku ya kwanza aliyoingia pale bandani, mafundi vijana walisimama kumsalimia, "Shikamoo, Bibi," na wengine walikuwa wanazuia tabasamu. Alipita kwenye safu ya pikipiki bila kuzungumza, akainama hapa, akanusa pale, akagonga betri moja kwa ukucha. Akavua miwani, akaifuta.

"Marahaba," alisema. "Sasa, nani hapa anazitilia maji ya bomba?"

Mikono mitatu ilipanda juu polepole. Mama Chaji akakunja mikono ya gauni lake na kuanza kazi, uso wake umenawiri kama wa bibi harusi.